Xeon kuukuu au Core i3 mpya: Mwenye mtaji mdogo apige hesabu kwanza

KATIKA maduka ya kompyuta zilizotumika, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, mteja mwenye mtaji mdogo hukutana na ushawishi wa aina moja. Huonyeshwa mashine kubwa, nzito, yenye prosesa ya Intel Xeon, prosesa ya ukoo wa seva, na kuelezwa kwamba ina viini 8. Pembeni yake huonyeshwa kompyuta ndogo yenye Core i3, viini 4 tu, na bei yake iko juu kuliko ile kubwa. Mteja hujumlisha haraka haraka kichwani, analipia ile kubwa, na kuondoka akiamini kwamba amemzidi muuzaji ujanja.

Hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe hulipiwa kila mwezi. Kwa duka, ofisi ndogo, stationery au wakala wa fedha, prosesa mpya ya kompyuta ya mezani, hata ile ya daraja la chini, ndiyo nafuu ya kweli. Xeon ya zamani inafaa kwa kazi chache maalumu, na mwenye kazi hizo kwa kawaida anazijua kwa majina yake kabla hajaingia dukani.

Kwa nini bei ilishuka

Mfano mzuri ni Xeon E5-2670. Intel iliitoa Machi 2012 kwa bei ya orodha iliyozidi dola 1,500 za Marekani, nayo ni bei ya prosesa peke yake, bila bodi wala RAM. Ilikuwa na viini 8 na uwezo wa kushughulikia nyuzi 16 za kazi kwa wakati mmoja, kasi ya kuanzia gigahezi 2.6 hadi 3.3, na kache ya megabaiti 20. Kwa wakati wake ilikuwa mashine ya wakubwa.

Kufikia mwaka 2016, prosesa hiyo hiyo, ikiwa imetumika, ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa chini ya dola 100. Bidhaa iliyopoteza zaidi ya asilimia 90 ya bei yake katika muda wa miaka minne inapaswa kumfanya mfanyabiashara yeyote aulize kulikoni.

Jibu haliko kwenye uchakavu. Prosesa haina kipande kinachozunguka wala kusuguana, na iliyotunzwa vizuri huweza kufanya kazi kwa miaka mingi. Jibu liko kwenye daftari la mwenye kituo cha data. Yeye hulipia umeme mara mbili: kwanza wa kuendesha mashine, kisha wa kuipoza. Hulipia pia nafasi ambayo mashine inaikalia. Inapotoka mashine mpya inayofanya kazi kubwa zaidi kwa umeme ule ule, ile ya zamani inageuka kuwa hasara hata kama haijawahi kugoma siku moja. Hapo ndipo shehena nzima hutolewa kwenye kabati na kuuzwa kwa wanunuzi wa jumla.

Kampuni kubwa hulifuatilia jambo hili kwa makini kiasi kwamba linaingia katika taarifa zao za fedha. Mwaka 2023 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilirefusha umri wa seva zake katika vitabu vya hesabu kutoka miaka 4 hadi 6. Amazon nayo, baada ya kuwa imefika miaka 6, kuanzia mwaka 2025 iliurudisha umri wa baadhi ya seva zake hadi miaka 5, ikitaja kasi ya mabadiliko ya teknolojia. Mwenye hisa anayesoma taarifa hizo anaelewa kwamba mwaka mmoja wa ziada au pungufu hubadilisha faida inayotangazwa.

Funzo kwa mnunuzi mdogo ni rahisi. Anayemuuzia Xeon kuukuu, au aliyemuuzia huyo muuzaji, alikwisha piga hesabu yake na kuona kwamba gharama ya kuendelea kuiendesha imezidi faida yake. Mnunuzi anaichukua mashine pamoja na gharama hiyo.

Idadi ya viini si kipimo cha kazi

Ikilinganishwa na Core i3-12100 iliyotoka Januari 2022, Xeon hiyo inaonekana kushinda kwenye karatasi. Core i3-12100 ina viini 4, nyuzi 8, kasi ya kuanzia gigahezi 3.3 hadi 4.3 na kache ya megabaiti 12. Bei yake ya orodha ilikuwa kati ya dola 122 na 129, yaani chini ya moja ya kumi ya bei ya Xeon ilipokuwa mpya.

Hata hivyo, katika vipimo vya kawaida vya utendaji matokeo ni kinyume. Kiini kimoja cha Core i3 hufanya takriban mara mbili ya kazi ya kiini kimoja cha Xeon E5-2670. Hata viini vyote vinapowekwa kazini kwa pamoja, vile 4 vipya kwa ujumla huvipita vile 8 vya zamani.

Sababu yake inaeleweka kwa mfano wa karakana ya kushona. Mafundi 8 wenye cherehani za zamani wanaweza kuzidiwa na mafundi 4 wenye cherehani za kisasa. Kasi ya gigahezi huhesabu mapigo ya sindano tu, wakati prosesa ya kisasa humaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Aidha, shati moja haliwezi kushonwa na mafundi 8 kwa wakati mmoja. Mteja akiwa amesimama kaunta akisubiri shati lake, anachokiona ni kasi ya fundi mmoja.

Kazi nyingi za biashara ndogo ni za shati moja. Kufungua ankara, kutafuta bidhaa katika orodha ya stoo, kufungua jedwali la hesabu, kuchapisha barua: kazi hizo hutegemea zaidi kiini kimoja au viwili. Viini vingine vya Xeon hubaki vimekaa huku mita ya umeme ikizunguka.

Liko pia suala la lugha ya mashine. Xeon E5-2670 haina kundi la maagizo linaloitwa AVX2, ambalo Intel ilianza kuliweka katika prosesa zake mwaka 2013. Baadhi ya programu mpya hulihitaji na hukataa kufanya kazi bila hilo. Hakuna ufundi wa mtaani unaoweza kuliongeza.

Bili ya umeme

Kiwango cha joto na umeme ambacho watengenezaji huandika ni wati 115 kwa Xeon E5-2670 na wati 60 za msingi kwa Core i3-12100, ambayo kwa muda mfupi inaweza kupanda hadi wati 89. Namba hizo ni za prosesa peke yake. Mashine nzima ya Xeon huwa na bodi kubwa, RAM nyingi, feni nyingi na kadi ya picha, navyo vyote hula umeme hata mashine ikiwa haina kazi.

Ikichukuliwa kwa mfano kwamba tofauti kati ya mashine hizo mbili ni wati 70, na uniti moja ya umeme kuwa shilingi 350 za Tanzania, hesabu inakuwa hivi. Duka linalowasha mashine kwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, litatumia uniti 18.2 za ziada kila mwezi. Kwa mwaka ni uniti 218, au shilingi zipatazo 76,000. Mashine inayowashwa usiku na mchana, kama ile ya kurekodi kamera za ulinzi, itatumia uniti 613 za ziada kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi 214,000.

Hivyo basi, ikiwa Xeon ilikuwa rahisi kwa shilingi 150,000, mwenye duka ataurudisha unafuu huo kwa shirika la umeme katika muda wa miaka miwili hivi. Mwenye mashine isiyozimwa ataurudisha kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Kila msomaji anaweza kuweka bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake mwenyewe na kupata jibu lake. Kwa anayetumia betri au UPS wakati umeme unapokatika, tofauti hiyo huonekana mapema zaidi, kwa sababu mashine yenye njaa humaliza betri haraka.

Vipuri na usalama

Xeon E5-2670 haina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini. Lazima inunuliwe kadi ya picha, na gharama hiyo mara nyingi haitajwi mpaka mteja afike nyumbani. Core i3-12100 inayo ya kwake ndani. Mnunuzi awe mwangalifu hapa, kwani ipo pia Core i3-12100F, na herufi hiyo F maana yake ni kwamba sehemu ya picha haipo.

Bodi za Xeon za kizazi hicho zilitoka zamani. Zilizopo sokoni ni zilizotumika, au zile zinazounganishwa upya China kwa kutumia chipu zilizobanduliwa kwenye bodi nyingine. Mashine kamili za makampuni nazo mara nyingi hutumia pawa saplai za umbo lao lenyewe. Ikiungua moja, fundi hawezi kuchukua yoyote iliyo kwenye rafu.

Kuhusu usalama, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon E5-2670 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Core i3-12100 imo. Anayetumia Linux hana tatizo hilo, lakini wafanyabiashara wengi wana programu za mauzo zilizoandikwa kwa ajili ya Windows. Isitoshe, Januari 2018 zilitangazwa kasoro za usalama zilizopewa majina ya Meltdown na Spectre. Marekebisho yake yalipunguza kasi, hasa kwa prosesa za Intel za miaka ya nyuma.

Pale ambapo Xeon inashinda

Haitakuwa haki kusema kwamba Xeon kuukuu haina faida. Prosesa hiyo inaweza kubeba RAM hadi gigabaiti 384, wakati Core i3-12100 inaishia gigabaiti 128. Inapitisha data ya RAM kwa njia 4 badala ya 2, na ina njia 40 za kuunganishia kadi na diski. RAM yake ni ya aina ya seva inayosahihisha makosa, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo ikiwa imetumika kwa kuwa haiingii katika kompyuta nyingi za mezani. Zaidi ya hayo, prosesa mbili zinaweza kukaa kwenye bodi moja, na kwa kazi zinazogawanyika, viini hivyo 16 huiacha Core i3 nyuma.

Chuo kinachofundisha mafundi wa mitandao na kinachotaka kuendesha seva bandia 20 ndani ya mashine moja, au mwenye mfumo unaohitaji RAM nyingi kuliko kasi, anaweza kununua Xeon na akawa amefanya biashara nzuri. Huyo ananunua RAM na nafasi, na anajua hivyo.

Kwa wanaonunua ili wauze

Wafanyabiashara wanaoagiza kompyuta zilizotumika wana hatari ya aina nyingine. Bidhaa hii inafanana na nyanya kuliko mabati: ikikaa stoo, inapoteza thamani. Kwisha kwa msaada wa Windows 10 kunazisukuma sokoni mashine nyingi za ofisi ambazo zenyewe ni mpya kuliko Xeon ya mwaka 2012. Mzigo unaoingia kwa wingi hushusha bei ya mzigo uliotangulia. Mwenye stoo iliyojaa mashine za kizazi hicho afadhali auze kwa faida ndogo leo kuliko kungoja bei ipande, kwani hakuna sababu ya kuifanya ipande.

Aidha, muuzaji anayemweleza mteja ukweli kuhusu umeme, kadi ya picha na Windows atapoteza mauzo ya siku moja na kumpata mteja wa miaka. Fundi anayerudishiwa mashine kila mwezi anajua gharama ya kufanya kinyume.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize mambo matatu. Programu anayoitumia inahitaji viini vingi au kiini kimoja chenye kasi? Mashine itawashwa saa ngapi kwa siku? Ikiungua bodi, nyingine itapatikana mtaa gani na kwa bei gani? Asiyepata majibu hayo achukue ile ndogo yenye viini 4. Wahenga walikwisha sema kwamba rahisi huvunja upishi, na mwenye mtaji wa chungu kimoja hana cha pili cha kujaribia.