Mama wa Moshono Naye Aandikwe

Mwaka 2021 mwanamke alishika Urais wa nchi hii, na magazeti yote yaliandika. Lakini mama wa Moshono, alimaye mahindi na maharage, huandikwa lini? Mara nyingi ni pale anapopigwa au kufiwa. Si ajabu basi msomaji akidhani usawa ni jambo la wakubwa tu.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Tukilinyamazia jambo hili, mjane atanyang'anywa shamba alilolinunua kwa jasho lake, naye akubali akidhani ndiyo desturi.

Lawama hiyo nasi hatujivui. Waandishi wafike Moshono, wamwulize mama huyo habari za shamba lake, wala wasingoje machozi yake.