Bastola zangu ni za mbao, tulieni

Wasee, kila nikiposti bastola zangu, komenti ya kwanza ni ile ile: "DCI wanakuona." Sawa, waone. Ni mbao za mukima, ule mti umejaa kwa mipaka ya mashamba yetu hapa Embu. Mtutu hauna hata tundu.

Hobi hii ilinishika kupitia YouTube. Wazee wa Marekani wananunua kopi za Colt ya 1851 zinazotengenezwa Italia na kina Uberti na Pietta. Unamimina baruti kwa silinda, unasukuma risasi ya duara, unabandika fataki nyuma, tundu kwa tundu. Ukipiga, moshi mweupe kama wa kuni mbichi. Halafu unaanza upya. Hiyo polepole ndiyo niliipenda. Sheria ya shirikisho huko hata haihesabu kopi hizo kuwa silaha, kwa hivyo wengi wanaletewa nyumbani kama viatu.

Kwetu bila cheti ni seli, na mimi silalamiki. Uliza watu wa Tigania na Igembe kuhusu milio ya usiku wezi wa ng'ombe wakija. Nani anataka bunduki zaidi?

Hata ya mbao ina noma. Kuna siku niliweka Colt yangu kwa begi nikapanda matatu kwenda Meru kumwonyesha binamu. Kabla ya Chuka kulikuwa na kizuizi. Askari alifungua begi, akarudi nyuma hatua moja, mkono ukaenda kiunoni. Mama tuliyekaa naye akaanza kuomba kwa sauti. Niliinua mikono bila kuambiwa. Alipoigonga na ukucha akasikia mbao, akaniuliza, "Na ingekuwa usiku, kijana?" Sikuwa na jibu. Tangu hiyo siku hazitoki nyumbani, na kama unachonga zako, zako pia zisitoke.

Lakini kitu kinaniuma ni kingine. Mbona tunaiga Colt tu? Kwa msitu wa Mlima Kenya, wapiganaji wa kina Musa Mwariama upande wa Meru na Kubukubu upande wa Embu walikuwa na bunduki za kujitengenezea. Bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likapiga risasi, mpira wa tyubu ukalivuta. Si gobori la kumimina baruti, zilikula risasi za kawaida, na nyingine zilimlipukia mwenyewe. Na Mwingereza alikuwa ananyonga mtu kwa kupatikana na silaha tu. Kimathi mwenyewe alinyongwa Februari 1957 kwa kesi ya bastola.

Hiyo ndiyo historia ya kuchonga, manze. Jumba la makumbusho pale Meru lingetupa meza moja na mbao, Jumamosi moja tu, vijana wangejaa.

Mwezi uliopita nikachonga moja hivyo, komeo na yote, nikampelekea cucu nikidhani atafurahi. Alikuwa msichana mdogo wakati wa Emajensi. Aliiangalia sana bila kuigusa. Akaniuliza kama majirani wameniona nikiingia nayo. Nikamwambia, "Cucu, ni mbao." Akasema anajua ni mbao, lakini haitalala kwa nyumba yake.

Saa hii iko kwa banda la kuku.