Warithi wa Gazi na Warithi wa Kaisari

Katika mji wa Gazi, kusini ya Diani kwa mwenye kuelekea Msambweni, limo jumba la mawe lililokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambalo baada ya mwenyewe kuondoka liligeuzwa skuli ya watoto, na mlango wake wa nakshi ukachukuliwa hadi Mombasa kuwekwa katika makumbusho ya Fort Jesus, ndani ya ngome ile ile ambayo baba yake aliitawala na ambayo ndimo alimokamatwa. Sijui mlango mwengine katika pwani hii unaostahili kutazamwa na wenye mali na watoto kuliko huo.

Baba huyo, Rashid bin Salim, alikuwa wa mwisho katika mawali wa Kimazrui, waliokuwa wameishika Mombasa kwa muda wa miaka mia moja hivi. Seyyid Said wa Maskati na Unguja aliutaka mji ule kwa muda mrefu, akaupigia mizinga, asidumu nao. Lakini alipofariki wali Salim bin Ahmed mwaka 1835, kiti kikashikwa na nduguye, Khamis, kisha Khamis akaondolewa akakaa Rashid, mwana wa marehemu, na kwa fitina hiyo ya ami na mtoto wa ndugu mji ukagawanyika, hata wengine wakamwendea Seyyid kwa miguu yao. Mwaka 1837 akaingia ngomeni pasipo vita vya kutajika, na wakuu wa ukoo wakatiwa chomboni wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, wasirudi tena.

Miaka 1,500 kamili kabla ya hapo, mwaka 337, alifariki Constantine, Kaisari wa Rumi, naye hakuwa mtu wa kughafilika, kwani miaka miwili kabla ya kufa alikwisha kuigawa dola yake baina ya wanawe watatu na wana wawili wa nduguye. Kugawa, basi, aligawa. Ila mgawanyo ulikuwa amri ya mzee, haukuwa mapatano ya warithi. Hazikupita siku nyingi baada ya maziko, askari wa Constantinople wakawachinja ndugu za Kaisari na wana wa ndugu zake, wakasalimika watoto wawili tu, Gallus na Julian, kwa udogo wao. Wana watatu wakabaki na dola, na mwaka 340 mkubwa wao akafa akimshambulia mdogo wao, Constans. Constans naye akauawa mwaka 350 kwa uasi wa Magnentius, jemadari wake mwenyewe. Mwishowe dola ikamfikia Julian, yule mtoto aliyesalimika, naye akafa vitani Uajemi mwaka 363 bila ya kuacha mtoto, na kiti kikenda kwa watu baki.

Turudi kwetu. Mwaka 1895, huko Takaungu, alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa tawi jengine la Mazrui, na aliyestahiki kwa umri alikuwa mtoto wa nduguye, naye pia akiitwa Mbaruk bin Rashid. Lakini kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati ule ikamweka Rashid, mwana wa marehemu, kwa kuwa huyo ndiye iliyemwona rafiki. Mbaruk wa Gazi, baada ya kusitasita, akasimama pamoja na jamaa yake aliyenyimwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule Waingereza wakaiteka ngome yake ya Mwele, katika vilima nyuma ya Gazi, na mwaka 1896, baada ya kuletwa askari kutoka Bara Hindi, akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Simpambi: mashamba yake yalilimwa na watumwa, na wapo wazee wa Kidigo na Kiduruma waliosimuliwa ukali wake. Lakini ugomvi uliomng'oa Gazi ulikuwa wa urithi wa nyumba moja, na aliyeufaidi hakuwa wa nyumba hiyo.

Hilo ndilo ninalolihofia kwa Kwale ya leo. Kutoka Tiwi hadi Msambweni ardhi ya ufuo imekuwa ghali, na aghalabu hati ya shamba ingali na jina la babu aliyekufa zamani, ilhali wajukuu wametawanyika Mombasa na ng'ambo. Akitokea mmoja mwenye dhiki, dalali humjua kabla ya ndugu zake kumjua, humpa arubuni, na wengine husikia habari siku waya wa ua unapozungushwa minazi yao. Kwa Wadigo liko na zito zaidi, maana asili yao mali ya mjomba ilimwendea mpwa, na tangu sharia ya Kiislamu ilipotamakani, mpwa na mwana wamedaiana mara nyingi, kila mmoja akiwa na hoja.

Sharia imekwisha kuyataja mafungu: mke mwenye watoto thumuni, mwana wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike, na wasia hauzidi theluthi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mamlaka ya kuhukumu mirathi ya Waislamu wanaoridhia kwenda kwake. Na katika ukoo ule ule wa Mazrui alitoka Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi 1947, akaiandika kwa Kiarabu tarehe ya jadi zake. Kwa hiyo hatuna udhuru wa kusema hatukuelezwa.

Nawasihi wazee wa Kwale: waiteni warithi wenu wote mngali hai, wanawake wasiachwe nje, na yule mnayejua hataridhika awe wa kwanza kualikwa. Yaliyokubaliwa yaandikwe mbele ya mashahidi, na hati ya babu ipelekwe mahakamani mirathi yake ifunguliwe mwaka huu.