Fungeni Barabara Nusu Siku Tu

Wadau, leo sina vichekesho. Nyinyi mliozoea kunifuata kwa sababu ya vituko vya steji na kelele za boda, leo mnivumilie.

Jumapili ya Machi 8, saa moja asubuhi ya huku kwetu, msimu wa langalanga unafunguliwa tena kule Melbourne, Australia. Na mimi najua tayari kitakachofuata hapa Kakuma mbio zikiisha. Vijana watatoka kwenye banda la video wakiwa wamewaka, watapiga stati, watashika lami ya kuelekea Kalobeyei, wawili wawili, na kutakuwa na mtu amesimama pembeni na simu mkononi. Mwaka jana huyo mtu alikuwa mimi.

Ilikuwa Machi 16, na Melbourne ilikuwa inanyesha. Sisi watu wa Turkana tukiona mvua hata kwa televisheni tunanyamaza kwanza. Banda lilikuwa nusu, maana nusu nyingine ilikuwa kanisani. Kabla mbio hazijaanza, Isack Hadjar, kijana Mfaransa mwenye asili ya Algeria, siku yake ya kwanza kabisa kwenye langalanga, aliteleza katika mzunguko wa kupasha matairi na kugonga ukuta. Akaondoka akilia ndani ya helmeti. Baba yake Lewis Hamilton akamfuata, akamkumbatia. Hapo hata waliokuwa wanacheka walitulia. Kisha akaanguka Jack Doohan, Carlos Sainz, baadaye Fernando Alonso, na mwishoni mvua iliporudi Liam Lawson na Gabriel Bortoleto. Lando Norris akashinda, Max Verstappen wa pili. Madereva sita walitoka kwenye mbio kwa ajali, na wote sita walishuka wakitembea kwa miguu yao wenyewe.

Sisi tulikuwa mmoja tu, na hakutembea.

Ni jamaa yangu, jina lake naacha. Piki yake ilikuwa ya mkopo, imebaki miezi saba. Mwenzake alikuwa kwenye piki ya mwajiri. Nilipanda kwenye tuta la mchanga nikahesabu moja, mbili, tatu. Video inaonyesha vizuri wakinipita, na sauti yangu nikipiga kelele kama mtangazaji. Mbuzi haionyeshi. Walitoka kwenye mathenge, watatu, wanaelekea laga kutafuta maji, kama mbuzi wa kawaida mwenye shughuli zake. Jamaa akawakwepa. Kando ya lami kulikuwa na jiwe. Mguu ukabaki chini ya piki. Tulimpakia kwenye Probox, na mwishowe akapelekwa Lodwar, kilomita 120 hivi, kila tuta likimtoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mguu ukawekwa chuma. Piki wenye mkopo waliichukua. Ndugu zake wanne walikuwa wanakula kwa hiyo piki.

Na mimi niliposti. Ndiyo. Si sehemu ya kuanguka, ile ya kupita, sekunde kumi na moja kabla ya mbuzi. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo. Komenti zilijaa, "Verstappen wa Kakuma", vikatuni vya kucheka. Niliiacha siku nne. Siku ya nne mama yake aliniita, akaniuliza polepole, "Kijana wangu, ile video bado iko kwa simu za watu?" Niliifuta mbele yake. Kwa hivyo mtu asije hapa akasema najifanya mtakatifu.

Lakini pia mtu asinifunge mdomo kwa sababu hiyo. Kila mwaka tunasikia wimbo uleule. Wazee wanasema televisheni inaharibu watoto. Wenye ofisi wanasema wapigwe marufuku. Marufuku ilishapigwa, bana! Kilichotokea ni kwamba vijana walihamia usiku, wengine piki hazina hata taa ya mbele. Hayo ndiyo matunda ya marufuku mpaka sasa, kuongeza giza.

Wanaolaumu televisheni hawajaangalia vizuri kinachoonyeshwa. Ile njia mnayoiona Melbourne si uwanja wa mbio. Ni barabara za bustani ya Albert Park, zinazunguka ziwa. Siku nyingine watu wanapita hapo kwenda kazini, wengine wanafanya mazoezi, wengine wanatembeza mbwa, na mwendo una mpaka kama barabara yoyote ya mjini. Tangu 1996, mbio zilipohamia hapo kutoka Adelaide, ukitoa miaka ya korona, kila mwaka wanazifunga. Wanapanga kuta za zege, nyavu za waya, matairi kwenye kona. Kilomita 5.278, kona 14, magari yanapita mwendo wa zaidi ya 300 kwa saa. Kila kipande kina mtu wa bendera. Ajali ikitokea, gari la usalama linatoka na wote wanapunguza. Mbio zikiisha wanabomoa, na mbwa wanarudi.

Yaani barabara ni barabara tu kama yetu. Tofauti ni kwamba pale mtu amekubali kuifunga.

Na msidhani walizaliwa wanajua. Mwaka 2001, hapo hapo, mbio hizo hizo za kufungua msimu, Jacques Villeneuve aligonga gari la Ralf Schumacher kwa nyuma, tairi likaruka, likapenya kwenye nafasi iliyoachwa katika uzio, likamuua msimamizi mmoja wa njia aliyekuja kujitolea. Mtu alikufa kwa sababu ya nafasi kwenye uzio. Kwa hivyo wakachunguza uzio. Sisi jamaa akivunjika mguu tunachunguza tabia yake.

Tena kwa nini niende mbali? Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi magari yalikuwa yanakimbia kwenye barabara zilizo wazi, kuna lori, kuna ng'ombe, kuna watu wanatoka soko. Timu kubwa zilikuwa zinarusha helikopta mbele kumwambia dereva kuna nini. Joginder Singh alishinda mara tatu kwenye barabara za namna hiyo. Mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, pale Naivasha, vipande vya mbio vinafungwa. Hiyo ni Kenya yetu hii, bendera hii hii. Ilijifunza kufunga njia. Sasa kwa nini somo hilo lisipande basi la Lodwar?

Mtaniambia huku watu wana njaa na wewe unaongea mambo ya mbio. Njaa naijua. Mgao wa chakula ulipokatwa mwaka jana kambini, soko lote la Kakuma lilisikia, hata sisi wenyeji, maana wateja wetu ni wao. Abiria wa boda walipungua. Lakini sijawahi kumsikia mtu akiambia vijana waache mpira wa Jumamosi kwa sababu kuna njaa. Ni hawa wa piki tu ndio wanatakiwa wasiwe na mchezo mpaka nchi ishibe. Kwani vijana wa steji ni nani? Waturkana, Wakongo, Wasudan Kusini, Warundi. Kwingine kote tunagombana, kuni, maji, viwanja. Kwenye piki swali ni moja tu, nani anajua kona.

Na Australia si mbali na sisi vile mnavyofikiria. Awer Mabil alizaliwa hapa kambini, akaenda kuichezea Australia kandanda. Wapo wengi humu wenye ndugu Melbourne kwenyewe. Wakati wa mbio zile jamaa mmoja bandani alikuwa anapigiwa simu na binamu yake anamwambia mvua imezidi, na sisi tunaiona.

Hoja ninayoiheshimu ni ya wenye mifugo. Mzee mmoja aliniuliza, mkifunga njia mbuzi wangu watapita wapi kwenda maji, na ukimgonga mmoja nani analipa? Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Hata Melbourne wako wakazi ambao wamepinga mbio tangu zinaanza, wanataka bustani yao. Jibu langu kwa mzee ni kwamba leo mbuzi wake wanapita katikati ya piki bila mtu kumwambia chochote. Ikipangwa, ataambiwa wiki mbili kabla, kwenye baraza la chifu, kanisani, msikitini, na tutaweka vijana wa kuvusha mifugo. Na ndiyo, kuwe na pesa ya fidia mezani kabla piki ya kwanza haijawashwa.

Ninachoomba ni kidogo mpaka ni aibu. Si ile barabara kuu ya kwenda Lokichoggio, hiyo ina malori. Ni barabara moja ya ndani ya mji, ya kuzunguka, Jumapili moja, saa tatu mpaka saa sita. Magunia ya mchanga kwenye kona. Mchanga wa laga hauishi. Matairi mazee tunayo. Helmeti kwa kila mtu, asiye nayo anatazama. Wawili wawili, wakipishana kwa saa, si kwa kubanana. Ambulansi imesimama hapo hapo, siyo kupigiwa simu. Polisi wafunge njia kama wanavyoifunga mkubwa akija, na hiyo wanaiweza sana, tumesimama juani mara ngapi tukingoja misafara? Siku hizi tunaitwa manispaa. Lodwar kaunti inapanga Tobong'u Lore na umati wote ule. Kutushinda kipande cha barabara nusu siku ni kutotaka tu.

Mimi kwa upande wangu, video yoyote ya mbio za barabara wazi sitaposti tena, hata ikiletwa kwangu bure, hata iwe tamu namna gani. Na wenzangu mnaorekodi, najua mnajijua, ile kelele yetu pembeni ndiyo inayofungua mkono wa gesi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwenye ile video.

Alhamisi saa nne naenda kwenye baraza la chifu na barua. Mpaka sasa tuko waendeshaji sita na yule mzee wa mbuzi, ambaye amesema anakuja kunisikiliza, si kunikubali. Jamaa yangu pia anakuja, kwa hiyo nahitaji mwenye piki atakayembeba polepole kutoka kwao mpaka barazani. Nitalipa mafuta.