Oili inavuja, nani alipe washa?

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Soweto, mjini Moshi, pikipiki inayoegeshwa palepale kila siku huacha doa jeusi mchangani, usawa wa kifuniko cha klachi au mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Dereva huliona. Jibu la kawaida ni kwamba injini inatokwa jasho tu. Kisha kifuniko cha oili hufunguliwa, kiasi kidogo huongezwa kutoka kwenye chupa iliyobanwa chini ya siti, na safari inaendelea.

Hesabu ya doa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Boxer na TVS zinazobeba abiria hutumia lita moja ya oili, au zaidi kidogo. Oili hiyohiyo inalainisha pistoni na krenki, inaogesha sahani za klachi, inahudumia gia, na inasaidia kubeba joto, kwa kuwa injini hizi hupozwa na upepo. Likidondoka tone moja kila sekunde 10 kwa saa 12 za kazi, ni matone 4,320. Tukikadiria matone 30 kwa mililita moja, ni mililita 144 kwa siku, na kwa wiki ni lita nzima. Pikipiki nyingi hazina taa ya kuonya kwamba oili imepungua. Dereva asiyepima oili atapata taarifa injini inapoanza kugonga.

Na Moshi si tambarare. Abiria anayekwenda Kibosho, Uru au Old Moshi, pengine na mkungu wa ndizi mgongoni mwa chombo, anapandishwa kwa gia ya kwanza na ya pili kwa muda mrefu, mwendo mdogo, upepo kidogo. Injini huchemka, oili huwa nyepesi, na palipokuwa pakitoa jasho huanza kudondosha.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa yake mara nyingi ni ndogo sana. Bolti ya kumwagia oili ina washa laini ya shaba au aluminiamu, ambayo hubonyea ili kuziba. Ikishatumika, hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Inatakiwa mpya, na bei yake haifiki ya lita moja ya petroli. Badala yake bolti hukazwa kwa nguvu zote mpaka uzi wa aluminiamu wa injini unaliwa, na tatizo la washa linageuka kuwa kazi ya kuchonga uzi upya.

Fundi makini huanza kwa kuosha. Oili hushuka na kurushwa nyuma na upepo, kwa hiyo mahali inapodondokea si lazima pawe ndipo inapotokea. Injini ikishaoshwa na kukaushwa, hupakwa poda nyeupe, pikipiki ikaendeshwa kidogo, na mstari mweusi unaonyesha chanzo: sili ya kiwiko cha gia, sili ya kiki, gasketi ya ubavuni, au mpira wa kifuniko cha valvu. Ya kuogopwa zaidi ni sili iliyo nyuma ya sproketi ndogo, maana oili yake husafiri na mnyororo na inaweza kufika kwenye tairi la nyuma. Hapo si suala la injini tena. Ni uhai wa abiria kwenye mteremko.

Kuna pia bomba la kupumulia. Likiziba, presha ndani ya injini hupanda na kuisukuma oili nje kupitia sili yoyote dhaifu, hivyo kubadilisha sili bila kulizibua ni kutupa fedha. Na silikoni inayopakwa kwa wingi kwenye gasketi ya zamani huminyika kwa ndani, ikakatika vipande na kwenda kuziba njia ya oili. Gasketi ya boksi iliyokatwa kwa mkasi inaweza kumfikisha mtu nyumbani. Isikae mwaka mzima.

Mafundi wa Moshi wanayajua haya. Mji una chuo cha VETA, na gereji zake zimelea vijana wengi. Kikwazo kiko kwenye umiliki. Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Kwa za hesabu, tajiri, yaani mwenye pikipiki, hupelekewa fedha kila siku au kila wiki. Za mkataba hulipiwa mpaka ziwe za dereva. Siku ya gereji hakuna abiria, lakini hesabu iko palepale. Dereva anaongeza oili kwa sababu chupa ni nafuu leo kuliko nusu siku ya kusimama, na wala si mzembe. Tajiri naye haoni doa, kwa kuwa chombo hakilali kwake.

Hapo ndipo makubaliano yanapopaswa kubadilika. Maandishi kati ya tajiri na dereva yataje siku ya sevisi isiyo na hesabu, yaseme kwamba sili, gasketi na washa ni za mwenye mali, na yamtake dereva atoe taarifa mara tone la kwanza linapoonekana. Kwa pikipiki ya mkataba, gharama hizo zigawanywe, kwa sababu wote wawili wana haki juu ya injini hiyo.

Manispaa nayo inahusika. Moshi inasifika kwa usafi wa barabara zake, lakini oili chafu ikimwagwa mchangani nyuma ya gereji, mvua ya masika huishusha kuelekea mito na mifereji ya tambarare, kule kwenye mpunga wa Mabogini na Chekereni. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaonya kwamba oili chafu inayotolewa gari likibadilishwa oili mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Pipa lenye mfuniko katika kila gereji ya Soweto, na gari la kukusanya oili hiyo kila mwezi, ni mambo ambayo bajeti ya manispaa inaweza kuanza kuyazungumza mwaka huu.