Injini Mpya katika Gari la Kale: Jawabu kwa Wapendao Asili

Hapana jambo liwezalo kuwagawanya wapenzi wa magari ya kale upesi kama kuondolewa kwa injini ya awali na kutiwa nyingine iliyo changa kuliko gari lenyewe. Kwa baadhi yao tendo hilo ni ufundi. Kwa wengine ni ufisadi. Insha hii haijiweki katikati. Inasimama upande wa fundi atiaye injini mpya, lakini inamdai fundi huyo deni ambalo mara nyingi huondoka bila ya kulilipa. Mfano tuutumiao ni pikapu ya Land Rover, hasa ile ya Mfululizo wa Pili iliyotokea mwaka 1958 na ile ya Mfululizo wa Tatu iliyokoma kuundwa mwaka 1985. Tumeichagua kwa kuwa inajulikana sana katika nchi zetu, na kwa kuwa habari za kuzaliwa kwake zina jawabu ambalo wapendao asili hawapendi kulisikia.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuelezwa gari hilo. Limewachukua mabwana shamba na waganga, mapadre na mahakimu, walinzi wa mbuga na magunia ya mahindi, katika njia ambazo mvua ikinyesha hugeuka mito. Maralal, katika nchi ya Wasamburu, ni mji uliopata sifa kwa Land Rover kuukuu zichukuazo abiria na mizigo. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa wingi ili kuyaonyesha. Kitu kipendwacho namna hii hakikosi watetezi, wala si ajabu watetezi hao wakapita kiasi.

Hoja yao ya kwanza hutegemea methali: mwacha asili ni mtumwa. Gari, wasema, ni injini yake; iondoe injini, na kilichobaki ni bati lenye jina la uongo. Tuitazame asili hiyo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na gari la Jeep lililosalia baada ya vita, akilitumia katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey. Alitamani kampuni yake iunde gari la shamba mfano wa lile. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jeep, likatiwa injini ya gari la Rover. Maana yake ni kwamba Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa gari la watu wengine lililobadilishwa injini! Bodi yake ilifanywa ya alumini kwa kuwa chuma cha pua na cha kawaida vilikuwa adimu na vya mgao baada ya vita. Asili inayolindwa leo kwa machozi ilianza kwa tendo lile lile linaloshutumiwa, ikaendelea kwa kutumia kilichopatikana.

Wala waundaji hawakukoma hapo. Gari lililoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6. Haikupita miaka mingi ikawa lita 2, na mwaka 1958 ikaja ya lita 2.25. Mwaka 1979 walifanya kubwa zaidi: walichukua bodi ya Mfululizo wa Tatu, wakaitia injini ya silinda nane yenye lita 3.5. Nayo injini hiyo haikuwa ya Kiingereza kwa kuzaliwa. Ilibuniwa Marekani na kampuni ya Buick, na Rover wakainunua haki yake katika miaka ya 1960. Ikiwa kiwanda chenyewe kiliweza kutia moyo wa Kimarekani katika kifua cha Kiingereza, na gari likabaki na jina lake, kwa sheria gani fundi wa Moshi au Nakuru aambiwe kuwa ameiua Land Rover kwa kuitia injini ya Toyota?

Methali haikukosea, waliokosea ni wanaoitumia mahali si pake. Asili ya chombo cha kazi ni kazi yake pamoja na umbo liiwezeshalo kazi hiyo. Wasomaji wa jarida la Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu, meza katika Kireno, shule katika Kijerumani. Hapana mtu mwenye akili asemaye kuwa mwenye kutamka maneno hayo ameacha kusema Kiswahili. Lakini tazama jinsi yalivyopokewa. Kitabu kilipoingia kilitiiwa na ngeli, kikazaa vitabu. Sarufi ya wenyeji haikuvunjwa ili kumpisha mgeni, bali mgeni alifundishwa adabu ya nyumba. Tutairudia adabu hiyo, maana ndiyo wanayoisahau mafundi wengi.

Hoja ya pili ni ya urithi. Wapendao asili husema kwamba kila injini ya zamani itupwayo ni ukurasa unaochanwa katika kitabu cha historia. Hapa wana sehemu ya haki, nasi tunawapa. Yako magari ambayo hayafai kuguswa. HUE 166, moja katika yale ya awali ya majaribio ya mwaka 1948, limehifadhiwa Uingereza, na mtu ambaye angelitia injini nyingine angestahili kulaumiwa. Nchi zetu pia zingefanya vyema kuyaweka machache katika nyumba za makumbusho, na kila kipuri chake cha awali. Lakini haki ya machache haiwezi kuwa kifungo cha yote. Pwani yetu inalijua somo hili. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, ulitoweka baharini katika karne ya 20, na leo twauona kwa mifano ya makumbusho. Jahazi nalo lilikubali msumari, na baadaye likakubali mashine. Hata sasa laonekana likipakia mizigo. Mtepe una heshima yake, lakini hauna nahodha.

Tena tuseme wazi ni nini kinachochaguliwa. Wapendao asili hujadili kana kwamba mwenye pikapu anachagua baina ya injini ya kale na injini mpya. Laiti ingekuwa hivyo! Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyotiwa katika pikapu hizo ilitoa nguvu za farasi 62 hivi ilipokuwa mpya. Baada ya nusu karne, silinda zikiwa zimepanuka na mafuta yakipita kwenye pistoni, haitoi hata hizo. Kuitengeneza kwataka vipuri ambavyo aghalabu huagizwa ng'ambo, ilhali vipuri vya injini ya Toyota Hilux hupatikana katika mji wowote wenye duka la vipuri. Mkulima ambaye gari lake haliwezi kupanda mlima na magunia kumi hana anasa ya kungoja. Ataliacha uani, na nyasi zitaota katikati ya magurudumu. Kisha siku moja atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kwa magari mengi uchaguzi ulio kweli ni baina ya injini mpya na mizani hiyo. Anayemkataza mkulima injini mpya, wala hamnunulii ya kale, amekwisha kupiga kura yake kwa mizani.

Kuna na dharau moja iliyojificha katika hoja hizi, ambayo haifai kupita kimya. Marekani, pikapu za Chevrolet za miaka ya 1960 hutiwa injini za silinda nane za aina ya LS, zilizoanza mwaka 1997. Kazi hiyo ina jina lake, ina majarida yake, na magari yake huuzwa kwa bei ya nyumba. Huko huitwa sanaa. Fundi wa kwetu akifanya kazi ya namna hiyo chini ya mwembe, kwa winchi ya kuazima, huitwa mbabaishaji. Kazi ni moja. Kilichobadilika ni rangi ya bwanda na ukubwa wa karakana. Kazi mbaya na ilaumiwe kwa ubaya wake, si kwa umaskini wa mahali ilipofanyiwa.

Sasa tugeukie upande wetu wenyewe, maana wapendao asili wana hoja ya tatu, nayo ni nzito. Wasema gari la kale lenye injini mpya ni hatari. Kwa magari mengi yaliyofanyiwa kazi hiyo kwa pupa, maneno hayo ni kweli tupu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwenye gari hufurahia ngurumo mpya, hulijaribu kwenye lami, akaona mshale wa mwendo umefika mahali ambapo haukupata kufika. Kisha hukanyaga breki, na breki ni zile zile za mwaka 1965.

Hesabu yake si ngumu. Nguvu ya mwendo ambayo breki hazina budi kuimaliza huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari liendalo kilomita 90 kwa saa lina nguvu hiyo mara mbili na robo kuliko likienda 60, ingawa uzito haukuzidi hata kilo. Breki za Land Rover hizo ni za dramu katika magurudumu yote manne, nazo dramu zikishika moto katika mteremko mrefu hupungukiwa na uwezo. Atiaye injini asiziguse breki amempa dereva mbio bila ya kumpa njia ya kusimama.

Deni halikomei kwenye breki. Injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, iliyotoka mwaka 1989 ikatiwa katika Defender mwaka uliofuata, ni mjukuu wa ile ya lita 2.25, kiasi kwamba hukaa katika giaboksi la zamani kwa taabu ndogo. Hutoa nguvu za farasi 107 hivi, na nguvu yake ya kuzungusha hukaribia mara mbili ya ile ya babu yake. Nguvu hiyo yote hupita katika giaboksi na shafti za nyuma zilizopimwa kwa ajili ya babu. Dereva aondokaye kwa vishindo, mzigo ukiwa umejaa, atazivunja shafti hizo, na pengine meno ya gia. Injini ya Toyota ya 3L, yenye lita 2.8, huhitaji bamba la kuunganishia baina yake na giaboksi; bamba hilo likikaa upande kwa unywele, beringi ya shafti ya giaboksi huliwa kidogo kidogo hadi ilie. Mikono ya injini huchomelewa upya juu ya fremu, nayo fremu ya Land Rover ni ya chuma: chini ya bodi ya alumini isiyoshika kutu, huozea ndani kwa ndani pasipo kuonekana. Kuchomelea mkono wa injini juu ya chuma kilichooza ni kutundika mzigo kwenye utando wa buibui.

Kiwanda kililijua deni hili. Walipoitia ile injini ya silinda nane mwaka 1979, hawakuitupa tu ndani na kufunga boneti. Walitwaa giaboksi la Range Rover ligawalo nguvu kwa magurudumu yote manne wakati wote, na zaidi ya hayo wakaipunguza injini makusudi: ilitoa nguvu za farasi 91, ilhali katika Range Rover ya mwaka 1970 ilitoa 130 hivi. Waliokuwa na kila chombo cha kupimia waliona heri kuifunga injini hatamu. Sembuse fundi asiye na kipimo ila sikio lake!

Kwa hiyo twasema kazi hii ina utaratibu, na asiyeufuata hana haki ya kutetewa na insha hii wala nyingine. Aanze na fremu: aigonge kwa nyundo kila mahali, akate palipooza, achomelee chuma kipya. Afuatie breki, azifanye ziwe na uwezo wa mwendo ujao, si wa mwendo uliopita. Kisha atazame giaboksi, shafti, usukani na rejeta. Injini ije mwisho, ingawa ndiyo iliyotamaniwa mwanzo. Asikate chochote cha awali ambacho angeweza kukiacha, na injini ya kale aipake mafuta na kuiweka, ili mjukuu atakaye kuirudisha aikute. Tena namba ya injini mpya iandikishwe serikalini, kwa TRA katika Tanzania au kwa NTSA katika Kenya, kwa maana gari lenye injini isiyolingana na kadi yake ni gari la mashaka mbele ya askari na mbele ya mnunuzi.

Neno la mwisho ni kwa wanafunzi. Maarifa haya yote yamo mikononi na vinywani mwa mafundi, na machache mno yameandikwa kwa Kiswahili. Fundi akifa, kipimo cha bamba lake hufa naye, na mwanafunzi wake huanza upya kwa kuvunja shafti za watu. Wanaoililia injini ya mwaka 1965 wangefanya jambo la maana zaidi wangekaa kwenye kibao cha karakana na daftari, wakaandika namna inavyofunguliwa, namna mpya inavyofungwa, na kila kipuri kinavyoitwa na wenye kazi. Huo nao ni urithi, na kutoweka kwake hakuwezi kuzuiwa kwa turubai.