Duara moja linatosha

Wengi wetu katika kitivo hiki husema kuandika programu ni kazi ya watu wa sayansi. Nami nilisema hivyo, mpaka picha yangu ilipodanganya darasa zima.

Nilikuwa naeleza toni za Kilingala. Neno moto, silabi zote mbili zikiwa chini, ni mtu. Silabi ya pili ikipanda, ni kichwa. Maandishi ya kila siku hayaonyeshi tofauti hiyo. Basi nikachukua Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, nikaweka duara linalosogea pamoja na sauti. Kosa langu: kila hatua niliongeza duara jipya kwa add_patch, na yale ya zamani hayakuondoka. Yakajipanga kama ngazi kutoka silabi ya kwanza hadi ya pili. Mwenzangu akauliza kama neno lile lina toni tano. Alikuwa na haki, ndicho alichokiona.

Dawa yake ni fupi. Duara liundwe mara moja, kabla mwendo haujaanza. Kisha kila hatua ibadilishe center yake tu. Mstatili una set_xy, mstari una set_data. Ukiweka blit=True, ni lazima urudishe maumbo uliyobadilisha, na hata likiwa moja liwe ndani ya orodha. Tena ile FuncAnimation ipe jina na uishike, la sivyo Python huifuta na picha haisogei. (Hilo lilinilia jioni nzima, siku ambayo umeme ulirudi kwa saa mbili tu.)

Asistanti mmoja aliniambia hayo ni mapambo. Kwa heshima yake, sikubali. Matplotlib ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa ubongo, aliyetaka kutazama mawimbi ya umeme katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Hakutafuta urembo, alitafuta kuona. Data yetu nayo inasogea: sauti hupanda na kushuka ndani ya muda, nasi tunaibana kwenye alama ndogo juu ya irabu, tukikumbuka kuiweka.

Naomba kozi ya fonetiki itenge walau vipindi viwili kwa kazi hii. Wala tusigawiwe programu iliyo tayari tuinakili. Kila mwanafunzi aandike yake, aionyeshe mbele ya wenzake, kisha aulizwe: haya maduara mengine ni toni gani?